Pole Iliyoandikwa na Simu

Rafiki yangu alifiwa na mama yake siku ambayo nilikuwa nimezama kazini. Taarifa ilipoingia, simu ikanipangia majibu matatu chini ya kioo, nikagusa moja: "Pole sana." Likaenda. Sikuandika hata herufi moja, na moyoni nikajihesabu nimeshatoa pole.

Tulipokutana wiki tatu baadaye aliniambia kwa upole, "Nilisubiri sauti yako." Lawama zingeniuma kidogo kuliko maneno hayo.

Sisemi mtu aitupe simu. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu za Krismasi; tangu mwanzo watu wamevipa vyombo hivi kazi ya kubeba salamu. Ila salamu ile kuna mtu aliyeiandika. Mimi niliiacha simu ichague maneno yangu siku ambayo mwenzangu alinihitaji mimi.

Siku hizi miadi, risiti, ramani na vikumbusho vya kazi naiachia mashine, tena bila kusita. Msiba, ugonjwa, kuomba radhi na furaha kubwa, napiga. Nikishindwa kupiga narekodi ujumbe wa sauti, namtaja mtu kwa jina, kisha nagusia jambo moja tunalolijua sisi wawili. Kwa rafiki yangu ningetaja jinsi mama yake alivyokuwa akitusindikiza hadi mlangoni, akaendelea kuongea hata tukishavaa viatu. Kitu kama hicho hakuna programu inayoweza kukupendekezea. Na sauti ina nguvu kuliko tunavyodhani: mfumo wa zamani wa simu ulipitisha kipande chake tu, takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400, na bado ukisikia "halo" moja ulijua kwamba mwenzako ametoka kulia.

Simu za video nazo zinataka uangalifu. Kamera iko juu ya kioo, kwa hiyo ukimtazama mtu machoni pale kwenye picha, yeye anakuona umeinamisha macho. Anapofika kwenye neno zito, inua macho uitazame kamera. Halafu subiri. Watu wakikaa pamoja hupokezana maneno kwa kasi sana, mara nyingi ndani ya sehemu ya tano ya sekunde, na mtandao ukichelewesha sauti kidogo tu tunaanza kukatizana. Mtu mwenye uchungu akishakatizwa, mara nyingi husema "basi, si kitu" na kunyamaza. Mimi humwacha amalize, nahesabu moja, mbili, ndipo nasema.

La mwisho ni wazee wetu. Nilipokuwa nikimfundisha mama kutumia simu yake mpya, nilikuwa nikimpokonya na kubonyeza mwenyewe ili tumalize haraka. Akawa hanitafuti tena kwa hilo. Alisema hataki kunisumbua. Iliniuma, nikarudi, nikakaa kando yake na mikono yangu mapajani, nikamwacha abonyeze kwa kidole chake hata akikosea mara tano. Ilituchukua alasiri nzima, na katikati tulizungumza mengi yasiyohusu simu kabisa.

Ujumbe wake wa kwanza wa sauti ni wa sekunde arobaini. Nyingi ni pumzi tu, na yeye akiuliza, "Imeanza? Hii imeanza?" Kisha ananiita jina langu. Nimebadilisha simu mara mbili tangu wakati huo, na kila mara huo ndio ninaouhamisha kwanza.