Feni ya AC inapuliza namba 4 tu: pima kwanza kabla hujanunua mota

Mkuu, umesema feni ya AC ya NZE yako (Toyota Corolla) inapuliza ukiweka namba 4 tu, yaani kasi ya juu kabisa, namba 1 hadi 3 kimya, na fundi amekuambia mota imekufa, ulete laki na nusu. Hiyo pesa iache mfukoni kwanza. Mota iliyokufa haichagui namba. Kama inazunguka vizuri kwenye 4 basi iko hai, na wa kutafutwa ni rizista, kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini.

Yangu ni NZE 121 pia, ile ya AC ya kuzungusha kwa mkono, na ugonjwa huo umeshaipata. Kwenye gari hizi umeme wa feni unatoka kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), unaingia kwenye mota, halafu unatafuta njia ya kwenda bodini, yaani negativu ya gari, kupitia rizista na swichi. Ukiweka namba 1 unapita kwenye rizista yote, ndiyo maana feni inajivuta. Namba 2 na 3 unapita kwenye sehemu yake tu, na namba 4 unairuka kabisa. Ndani ya rizista kuna kifyuzi cha joto: kikikatika, namba zote tatu za chini zinaondoka kwa pamoja, kama ilivyokutokea. Ingekuwa imekufa namba moja peke yake, au feni inakuja na kupotea ukitikisa swichi, ningekuambia uanze na swichi.

Kuifikia si kazi. Zima gari, toa waya wa negativu wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kwa ajili ya eabegi. Soketi za njano ni za eabegi, usiziguse kabisa. Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, ibane kingo zake mbili iteremke. Utaona mota ya duara inaangalia chini, na karibu yake kibamba kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili kikiwa na soketi yake. Hicho ndicho rizista. Kichomoe, weka maltimita (kipimo cha umeme) kwenye ohm, pima kati ya pini na pini. Nzima inasoma ohm chache tu. Iliyokatika, kuna pini haisomi kitu na nyingine.

Sasa usikimbilie dukani, angalia soketi yenyewe kwanza, maana hapa ndipo wengi wanaliwa mara mbili. Yangu fundi alibadilisha rizista, nikafurahi, baada ya miezi michache ikaungua tena. Nilipoichomoa nikakuta pini moja imegeuka kahawia, plastiki yake imepinda na bado inanuka. Piga hesabu: ampea 20 zikipita kwenye pini iliyolegea yenye ukinzani wa ohm 0.1 tu, hapo pana wati 40 za joto, sawa na pasi ya kulehemu iliyowashwa ndani ya plastiki. Rizista mpya ukiichomeka kwenye soketi ya namna hiyo, unaipeleka ikafe. Kata soketi, weka nyingine yenye waya wa unene uleule, lehemu viungo. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakufai kwa umeme mwingi hivi.

Kingine ni mota. Rizista imewekwa makusudi kwenye njia ya upepo ili ipoe. Zungusha feni kwa kidole, inatakiwa iende yenyewe kidogo baada ya kuiachia. Yangu ilikuwa nzito: gurudumu la feni limejaa majani ya mwarobaini yaliyoingia kwenye matundu ya chini ya kioo cha mbele, maana naegesha chini ya mti huo. Mota nzito inavuta umeme zaidi, na wakati huohuo upepo wa kuipoza rizista unapungua. Filta ya AC iliyojaa vumbi nayo inainyima rizista upepo. Toa mota (skrubu tatu), safisha gurudumu, rudisha.

Kuna mafundi wanaokata kifyuzi cha joto na kuunga waya moja kwa moja, au wanaweka fyuzi kubwa zaidi "ili isikatike". Usikubali. Kile kifyuzi kinakatika kabla plastiki haijashika moto, na moshi wa pale unatokea usoni kwako.

Kwa watakaosoma huku gari zao feni imekufa namba zote: shemeji yangu ana Spacio ilikuwa hivyo. Anza na fyuzi, kwenye Toyota nyingi imeandikwa HTR, kisha rilei. Zikiwa nzima, washa swichi ya ufunguo, weka feni namba 4, pima volti kwenye soketi ya mota ikiwa imechomekwa. Ukipata volti 12 kati ya pini zake mbili na haizunguki, mota ndiyo mgonjwa. Ukikosa, tatizo liko kwenye waya au njia ya kwenda bodini. Ya shemeji ilikuwa na volti zote, nikaigonga kwa mpini wa bisibisi ikaamka. Hiyo ni dalili ya kaboni zilizoisha, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota inayozunguka. Kugonga kunakufikisha nyumbani tu, mota ni ya kubadilisha.

Wenye AC ya kujiendesha yenyewe, yenye kioo cha namba, hamna rizista hii. Mna transista yenye mapezi ya alumini, na ikiungua kwa shoti feni inapuliza kasi yote hata ukiweka kasi ya chini.

Na huyo atakayekuambia ujaze gesi, mwambie asubiri. Feni isipozunguka hakuna hewa inayopita, kwa hiyo ubaridi hauji hata gesi ikiwa imejaa. Ila kama unasikia feni inavuma vizuri na hewa haitoki, hasa baada ya safari ndefu, hilo ni jambo lingine: filta imeziba au evaporeta (kile kipozeo hewa inakopita kupata ubaridi) imeganda barafu. Zima AC, acha feni iendelee kidogo, hewa ikirudi umepata jibu.

Dukani nenda na rizista ya zamani mkononi, usitaje jina la gari tu. Linganisha idadi ya pini na mpangilio wake, kwa sababu zinafanana umbo na kutofautiana ndani. Ya mtumba kutoka Japani iliyo safi mimi naichukua kabla ya mpya isiyo na jina, lakini ipimwe hapohapo kaunta.

Ukishapima, andika hapa umesoma ohm ngapi na soketi ina rangi gani, tuone kama mota nayo inahitaji kushushwa.