Kwa Anayeanza Kuchimba Asili ya Maneno ya Kiingereza

Nilipoanza kufundisha Kiingereza nilikuwa na hadithi moja niliyoipenda kupita kiasi. Niliandika neno "salary" ubaoni, nikaeleza kwamba askari wa Roma ya kale walilipwa kwa chumvi, na hata waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Mwaka mmoja mwanafunzi akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, chumvi hiyo waliibeba vipi, na ikilowa mvua?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta, nikakuta kwamba neno la Kilatini "salarium" lina uhusiano wa kweli na "sal", yaani chumvi, na kwamba Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliugusia uhusiano huo kwa maneno machache sana. Lakini habari ya askari kupimiwa mshahara kwa vibaba vya chumvi haimo katika maandishi ya Warumi wenyewe, ambao askari wao walilipwa sarafu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimefundisha kitu ambacho nusu yake ni ukweli na nusu yake ni utamu.

Nalitaja kosa hilo mapema kwa sababu wewe unayeingia katika fani hii leo utapokewa na utamu huo kabla ya kupokewa na kamusi. Wa kwanza kukujia watakuwa watu wa herufi za mwanzo. Watakuambia kwamba "news" imeundwa kwa herufi za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini, ilhali ni "new" tu iliyotiwa alama ya wingi, yaani mambo mapya. Watakuambia pia kwamba "posh" na "tip" ni vifupisho vya sentensi nzima. Kabla ya karne ya 20 Kiingereza hakikuwa na mazoea ya kuunda maneno ya kawaida kwa njia hiyo, kwa hiyo neno la zamani likielezwa hivyo, litilie shaka tangu mwanzo. "Radar" ni akronimu ya kweli, lakini hiyo ilizaliwa katika jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1940.

Mambo ya kweli mara nyingi yanashangaza kuliko ya kubuni, na hakuna mahali nilipoliona hilo vizuri zaidi kuliko katika mipaka ya neno. Chukua "apron". Zamani liliandikwa "napron", kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kitambaa kidogo, na ndiyo maana "napkin" bado ina "n" yake. Waingereza waliposema "a napron" kwa haraka, masikio yalikata mahali pasipostahili, ikasikika "an apron", na ile "n" ikahamia kwa jirani moja kwa moja. Nyoka aitwaye "adder" alipoteza "n" yake vivyo hivyo. Lakini wizi huo ulikwenda pande zote mbili, kwa maana "an ekename", yaani jina la nyongeza, lilijipatia "n" na kuwa "nickname".

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe tumelifanya. Katika "kitabu", silabi "ki" ilikuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini tuliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukasema "vitabu" bila kumwomba mtu ruhusa. "Mudguard" ya Kiingereza iliingia ikawa "madigadi", tukaiona ni wingi, tukaizalia umoja wake, "digadi". Waingereza walifanya hivyohivyo kwa "pease", ambalo lilitaja njegere kwa jumla; walidhani sauti ya mwisho ni alama ya wingi, wakaiondoa, wakabaki na "pea". Kila ninapofundisha sehemu hii huanza na digadi, na baada ya hapo darasa lenyewe hunitafutia mifano.

Hazina yako nyingine ni Kiarabu. Nimelitumia neno hazina kwa makusudi, kwa kuwa ni ndugu wa "magazine". Katika Kiarabu "makhazin" ni maghala. Neno likapita kwa Waitalia na Wafaransa, likafika Kiingereza katika karne ya 16 likimaanisha ghala, hasa la baruti na silaha, na hapo ndipo ilipotoka magazini ya bunduki. Mwaka 1731 chapisho moja la London lilijiita Gentleman's Magazine, kwa maana ya ghala la maandishi, na ndivyo jarida lilivyopata jina hilo. Vivyo hivyo "tariff" na "taarifa" wana asili moja katika kujulisha, hata kama leo mmoja anatoza ushuru na mwingine anasoma habari.

Hata hivyo kufanana si ushahidi. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ileile ya "bad" ya Kiingereza, na maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Yamekutana tu njiani. Usiseme maneno ni ndugu mpaka uwe umeziona hatua za katikati, yaani lugha ipi ilimpa nani, lini, na kwa umbo gani.

Utakapokuwa umekusanya asili za kutosha, utajaribiwa kuwasahihisha watu. Mimi nilijaribiwa. "Nice" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mjinga, na "silly", ambalo leo ni upumbavu, lilianza likimaanisha aliyebarikiwa. "Meat" lilikuwa chakula chochote na "deer" mnyama yeyote. Methali yetu husema mwacha asili ni mtumwa, lakini maneno hayaifuati: yameacha asili zao na yanaishi vizuri. Anayekusifu kwamba wewe ni "nice" hajakutukana, na ukimjibu kwa Kilatini utapoteza rafiki bila kuongeza elimu yake.

Kuhusu kazi yenyewe, weka daftari. Kwa kila neno andika mwaka wa kwanza lilipoonekana katika maandishi, umbo lake wakati huo, maana yake wakati huo, na lugha lilikotoka. Oxford English Dictionary, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ilijengwa juu ya manukuu yenye tarehe, na ndiyo itakayokujazia safu nyingi. Zipo ambazo hazitajazwa. Katika daftari langu "dog" lina umbo la kale, "docga", na maelezo kwamba lilikuwa nadra mno zamani, kwamba neno la kawaida lilikuwa "hund", na kwamba "dog" lilipanda taratibu hadi "hound" likabaki kwa mbwa wa kuwindia. Safu ya asili iko wazi, kwa sababu wataalamu wenyewe hawajaipata, nami nimeiacha hivyo.