Jibu: Baiskeli hadi Maziwa ya Momella mwezi Julai

Ndugu, umeuliza kama kipupwe kinafaa kwa safari ya siku moja ya baiskeli kutoka Arusha hadi Momella. Kinafaa, ila usidanganywe na kalenda ya ukame: asubuhi za Julai ukungu huufunika Mlima Meru wote, na mikono hufa ganzi kwenye breki hata kabla hujafika Usa River, ambako unaiacha lami kuu na kuanza kupanda kuelekea lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mbele kidogo ya lango ndipo ilipo Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi wenye pundamilia, twiga na nyati. Twiga hawana neno. Nyati ndiye wa kuogopwa, hasa ukimkuta peke yake, kwa hiyo ulizia langoni utaratibu wa baiskeli na usiingie bila askari wa wanyamapori. Maziwa yenyewe ni ya magadi, na mwani uliomo huyapa rangi zinazotofautiana na kuwavutia heroe, ambao kwa mbali huonekana kama utepe wa waridi ufukweni. Mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Beba glovu, koti la upepo na viraka vya pancha.