Hofu na imani chumba kimoja

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Hofu ikikushika, kumtumaini Mungu kunakusaidia nini?" Najibu kama mtu anayeogopa maji na anayeishi kisiwani.

Ninafundisha Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria ng'ambo ya Ukerewe. Ukitaka benki au hospitali kubwa, lazima uvuke ziwa. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa tu, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 228.

Sikuwamo. Nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari. Siku zilizofuata kila aliyenusurika aliambiwa, "Mungu amekuokoa." Sikubisha, lakini nilikuwa nimekaa msibani kwa jirani yangu, mama aliyekuwa akisali kila alfajiri hadi namsikia ukutani. Yeye je, hakusikilizwa? Tangu siku hizo siwezi tena kusema kwamba kumtumaini Mungu ni kuwa na hakika ya kufika.

Kilichonibakia ni mstari wa Zaburi ya 56: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Itazameni hiyo "yangu". Daudi haikani hofu, anaiita yake. Tangu utotoni nimehubiriwa kwamba hofu na imani hazikai nyumba moja. Hapa naziona zimepanga chumba kimoja.

Na wale wanafunzi kwenye dhoruba? Baadhi yao walikuwa wavuvi, ziwa lao walilijua, na bado waliogopa. Walimwamsha Yesu kwa lawama, kana kwamba hajali wakiangamia. Kwa Marko anatuliza upepo kwanza, ndipo anawauliza mbona waoga. Kwa Mathayo swali linatangulia, upepo baadaye. Mimi, mniwie radhi, nasimama na Marko.

Sasa niseme linavyonisaidia. Mwaka uliofuata ajali ile, mwanangu aliumwa sikio. Nikaahirisha kumpeleka hospitali wiki tatu, kila siku na kisingizio chake: upepo, mitihani, nauli. Ilikuwa hofu tupu, na mtoto ndiye aliyekuwa akiilipia usiku kwa kulia. Siku nilipovuka naye sikuwa nimepata ujasiri wowote. Nilisema tu, "Baba, naogopa, twende," nikapanda. Bila sala ile nadhani ningeahirisha ya nne.

Lakini ipo hofu nyingine, na hiyo siiombei iondoke. Jioni moja nilikuta boti ya mbao imejaa magunia na watu, jaketi za kuokolea nikahesabu nane. Nahodha akaniita, "Panda, mwalimu, Mungu yupo!" Nikamjibu, "Hata kesho yupo, baba." Nikarudi kulala kwa wifi yangu. Ile boti ilifika salama, na nilichekwa wiki nzima pale shuleni. Wacheke. Sioni kwa nini kumtegemea Mungu kunitake nifumbe macho nisihesabu jaketi.

Mtaniuliza nazitofautishaje hofu hizi mbili. Mara nyingine nashindwa. Huwa najiuliza ninachokiogopa kipo pale mbele yangu, kinaonekana kwa macho, au nimekuja nacho kutoka nyumbani. Magunia yalikuwepo. Upepo wa zile wiki tatu, nikiwa mkweli, siku nyingi haukuwepo.

Mpaka leo viganja vinanitoka jasho tangu tunapong'oa nanga hadi Bugolora, gati la upande wa Ukerewe. Nakaa pembeni, karibu na jaketi, nayarudia yale maneno sita ya Zaburi, nikifika mwisho naanza upya. Mume wangu analalamika kwamba akisafiri na mimi hapati hata lepe la usingizi kwa minong'ono yangu.

Msomaji wenu, Ukara