Mdomo mkavu, kipepeo mashavuni na lawama za korosho

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 52, naishi Newala. Mwaka wa pili sasa ugali haushuki bila kikombe cha maji pembeni, macho yanakereketa kama yana mchanga, na meno yanaoza huku chini karibu na ufizi. Nanyonya ndimu ili mate yatoke. Nakosea?

Mama, ndimu iache leo. Mate ndiyo yanayosuuza asidi mdomoni na kuyarudishia meno madini yake. Wewe unayo machache, halafu unamwaga asidi nyingine juu. Embe mbichi na ukwaju ni yaleyale.

Macho na mdomo kukauka pamoja kwa zaidi ya miezi mitatu kunanifanya niwaze ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huzigeukia tezi za mate na machozi. Takribani wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wa rika lako. Lakini usijibandike jina hilo kabla hujapima sukari na kumwonyesha daktari dawa zote unazokunywa, maana baadhi ya dawa za presha na za mafua hukausha mdomo vilevile. Kwa sasa kunywa maji kidogo kidogo, piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, na soda uzisahau. Uvimbe mbele ya sikio usiopungua uwahishe hospitali. Wachache hupata saratani ya tezi za limfu (limfoma).

Nabangua korosho Masasi. Midomo imebabuka, sasa inakuwa myeusi. Ni hiyo kinga?

Mafuta ya ganda hayo. Unajifuta mdomo kwa mkono uleule, au unapasua ganda kwa meno (nimewaona). Vaa glavu, nawa kwa sabuni.

Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23, tuko Lindi mjini. Ana madoa mashavuni na juu ya pua, na vidonda kaakaani ambavyo hata havimuumi. Bibi anasema ni mkorogo.

Marahaba. Bibi ana haki ya kuushuku mkorogo, ila mkorogo hautoboi kaakaa. Madoa yaliyokaa kama kipepeo pamoja na vidonda visivyouma, mimi nawaza lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga huugeukia mwili wenyewe, figo zikiwemo. Picha nyingi za vitabuni ni mashavu mekundu ya Wazungu. Kwenye ngozi yetu huwa kahawia iliyokoza au zambarau, ndiyo maana wengi huambiwa ni aleji. Tazama mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo: lupasi kwa kawaida huiruka. Muulize kama viungo vinauma asubuhi, nywele zinakatika, mkojo unatoa povu.

Mpeleke Hospitali ya Sokoine wapime damu na mkojo, kwa sababu shavu linaonekana na figo haionekani. Dawa mojawapo ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria iliyowawasha wazazi wetu usiku kucha hadi ikawekwa kando mwaka 2001. Akiitumia, macho yapimwe mara kwa mara. Juani atoke na kofia pana au ajitande kanga.

Niko Kilwa. Malengelenge mdomoni yanapasuka, kidonda hakifungi. Mwezi wa tatu huu, nimemaliza dozi mbili za antibayotiki.

Ya tatu usinunue. Huenda ni pemfigasi: kinga huharibu gundi inayoshikanisha seli, na mara nyingi mdomo hutangulia ngozi kwa miezi. Watakata kinyama kidogo pembeni mwa kidonda kikapimwe maabara. Usipotibiwa, huua. Nenda wiki hii, na ukipewa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, usiiache ghafla kwa kuwa umejisikia nafuu.

Mke wangu amegundulika na Sjögren. Nyumbani wamemtengea kikombe chake.

Hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa busu. Kikombe kirudi kabatini na wenzake.