Kwa wengi ni udadisi, si ukatili

Mara nyingi kinachowasukuma wachezaji wa michezo ya video kuchagua njia ya ukatili ni hamu ya kujua: aliyekwisha kuumaliza mchezo kwa wema anahisi kwamba yapo mazungumzo na miisho isiyoonekana mpaka mtu atende uovu, na kwa kuwa amehifadhi mchezo kabla ya uamuzi, anajua ataweza kurudi nyuma. Tazama Undertale, mchezo wa Toby Fox wa mwaka 2015. Anayetaka njia ya mauaji humo hulazimika kuzunguka kila eneo akitafuta wa kuua, hadi skrini imjulishe kwamba hakuna aliyekuja, yaani hakuna aliyebaki wa kuuawa. Kazi hiyo inachosha kuliko inavyotisha (mimi niliikatiza mara mbili kabla ya kuimaliza), lakini bila hiyo hutapigana kamwe na Sans, mhusika ambaye ndiye adui mgumu zaidi wa mchezo huo. Hata Flowey, ua lenye roho mbaya, hukiri humo kwamba alianza kuua kwa sababu alitaka kuona kitakachotokea. Tena mchezo huo haukusamehe upesi, kwani ukimaliza njia hiyo na kukubali kuikabidhi roho yako ili dunia ya mchezo irudishwe, hata mwisho wa amani utakaoupata ukicheza tena hubadilika.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wanaofanya hivyo ni wengi kila mahali: mwaka 2020 mmoja wa waliotengeneza Mass Effect, mfululizo wa michezo ya video ya safari za angani, alisema kwamba takriban asilimia 92 ya wachezaji wake walifuata upande wa wema, ilhali upande wa ukali nao ulikuwa umefanyiwa kazi kubwa.