Re: Wachambuzi wangu wanazidiwa na alati, nitengeneze programu gani?

Mkuu nimekusoma, timu yako inakagua miamala ya pesa kwa simu kusaka wizi, skrini nne kila mtu, alati (zile tahadhari za mfumo kwamba muamala una shaka) zinamiminika mpaka wanabonyeza "funga" bila kusoma, sasa unataka programu ijue mtu anafanya nini ijipange yenyewe. Inawezekana, ila usianze na AI. Kaa nao shifti nzima uone wanakopi nini kutoka wapi, hapo ndo muda unakoishia.

Kwanza unganisha alati. Laini imebadilishwa asubuhi, PIN imeresetiwa, mchana hela yote imetolewa kwa wakala wa mbali: hizo ni alati tatu lakini kesi moja, ije kama kesi moja na historia ya mteja pembeni asiitafute. Kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, 1979 ving'ora zaidi ya 100 vililia ndani ya dakika chache, waliokuwa zamu hawakujua washike kipi.

Pili, usihamishe vitufe aisee! Mkono wa mtu ushazoea. Badilisha mpangilio wa foleni ya kesi tu, na programu iseme kwa nini kesi hii imepanda juu.

Alati ambazo programu itazificha ili zisiwasumbue, usizifute, ziweke pembeni, kila wiki chomoa chache mzikague maana wezi nao wanajifunza.

Kama unafikiria kurekodi macho au kibodi za wafanyakazi ili ujue nani kachoka, muone mwanasheria kwanza, kama uko Bongo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na kama watu ni wachache tu, omba bosi aajiri.